Mwaka Niliojifunza Kunyamaza

“Ilianza saa ngapi?” Daktari aliuliza mara mbili, mara ya kwanza akimwangalia Mwalimu aliyelala kwenye kitanda cha magurudumu, mara ya pili akituangalia sisi. Alikuwa kijana, pengine tulilingana umri, na alikuwa na haraka ya mtu anayejua kwa nini anauliza. Ni kiharusi, alisema, na kama hakijakaa sana ipo dawa inayoweza kujaribiwa kwenye hospitali kubwa; kama muda umepita, dawa hiyohiyo inaweza kumuua. Tulikuwa watu watatu tuliokaa chumba kimoja na mgonjwa asubuhi nzima, karibu naye kiasi cha kumgusa, na hakuna aliyejibu. Mwishowe Mzee Harish, mwenye duka la vipuri mjini, ambaye kwa sababu ya umri wake alizoea kusema kwa niaba ya wengine, alisema, “Hatujui, daktari. Tulikuwa tumefumba macho.” Daktari alinyanyua uso. “Wote?”

Mwalimu Zakayo tulimzika mwezi uliopita, kijijini kwake Akheri, katikati ya migomba yake, siku ambayo Mlima Meru haukuonekana tangu asubuhi. Nilikuja kwa basi kutoka Dodoma, ambako nafundisha chuo. Mchungaji alisema mambo mazuri na ya kweli: kwamba marehemu alifundisha fizikia sekondari mpaka akastaafu, kwamba alikuwa mume mvumilivu, kwamba ujanani serikali ilimpeleka India kusoma. Kuhusu alichorudi nacho kutoka India zaidi ya shahada hakusema kitu, na sikumlaumu, maana hata sisi tulioketi naye tungepata shida kukieleza mbele ya turubai lililojaa watu. Nilisimama nyuma, karibu na masufuria, na kila mwanamke aliyepita aliniambia dada, chukua sahani, bado hujala. Sijui kama kuna aibu nzito kuliko kukaribishwa chakula kwenye msiba wa mtu uliyemwacha.

Mwaka nilioanza kwenda kwake nilikuwa nimemaliza chuo Dar es Salaam, nikiwa na shahada ya falsafa ambayo hakuna tangazo la kazi lililowahi kuitaja. Nilipanga chumba Kaloleni, mjini chini ya Mlima Meru, nyuma ya uwanja wa mpira, na nikawa nafundisha watoto wa watu tuisheni ya Kiingereza. Nilibishana na kila aliyesimama mbele yangu. Nilibishana na mwenye nyumba kuhusu Mungu, na wahubiri wa stendi kuhusu ushahidi, na muuza maparachichi kuhusu kwa nini anaamini kwamba mwezi unaivisha matunda. Nilijiona jasiri. Sasa nadhani nilikuwa mpweke tu, na mabishano yalinipa watu wa kukaa nao. Mmoja wa wazazi walionilipa alikuwa dada Glory, mhasibu wa serikali aliyekuwa akiishi Njiro, mwanamke mpole anayeendesha gari kama anayebeba mayai. Siku moja aliniambia hawezi kupanga kipindi Jumamosi asubuhi kwa sababu huwa anakwenda Akheri kukaa. “Kukaa na nani?” nikauliza. “Kukaa tu,” akasema. Jibu hilo lilinikera wiki nzima. Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwenye kiti cha mbele cha gari lake, nimejiandaa kufichua utapeli.

Niliyemkuta alikuwa mzee mrefu mwenye sweta lililotoboka viwiko, anachagua kahawa mbovu kutoka kwenye ungo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha kazi. “Glory ameniambia unabisha,” alisema. Nikasema mimi nauliza tu, Mwalimu. “Basi anza na mimi. Kabla hujaniita mwalimu, nichunguze. Tazama ninavyoongea na vibarua. Muulize mke wangu kama nina hasira.” Kutoka jikoni, sauti ya mwanamke ikasema, “Ana hasira.” Mwalimu akaitikia kwa kichwa kama aliyepokea matokeo ya maabara. “Umeona? Ushahidi wa kwanza huo. Endelea kukusanya.” Aliniambia kwamba aliyemfundisha yeye kule India alimtaka ampime hivyohivyo, kwamba huko ndiko Buddha mwenyewe alikotaka watu waanzie: usikubali kwa sababu mwalimu amesema, wala kwa sababu ni desturi, wala kwa sababu inasikika vizuri, jaribu, uone kama inapunguza maumivu yako na ya wengine. Mimi nilikuwa nimekuja na hoja zote za kuvunja mlango, na mlango ulikuwa wazi. Nilikasirika kidogo.

Tulikaa kwenye iliyokuwa stoo yake ya kahawa. Sakafu ya saruji, magunia yaliyokunjwa badala ya mito, dirisha dogo lililotazama mlima, na harufu ya kahawa kavu iliyoingia ukutani miaka mingi na isingetoka tena. Hapakuwa na sanamu, ingawa wazee wa usharika wa kanisa waliwahi kuja kuitafuta. Mwalimu aliwafungulia, wakatazama magunia, wakanywa chai, wakaondoka wamechanganyikiwa. Kifaa pekee cha ibada, kama ni ibada, kilikuwa kengele ya ng'ombe. Mwalimu aliigonga mara moja tukaanza, na aliigonga tena tukamaliza. Katikati, hakuna kufumbua macho, hakuna kusogea, hakuna kusema. Saa alivaa yeye peke yake. Alisema mtu anayeruhusiwa kuchungulia saa hataujua kamwe mwili wake, maana kila goti likiuma atakimbilia dakika. Kwa hiyo muda wetu wote tulimkabidhi yeye, na tukaambiwa tuangalie pumzi tu, pale inapogusa ncha ya pua, na likija wazo tulipe jina lake na kuliacha lipite. Majina yalikuwa matano: tamaa, chuki, uzito, wasiwasi, shaka. Hivyo ndivyo vizuizi vinavyotibua maji, alisema, na maji yakitulia unaona chini bila kufundishwa na mtu.

Mimi sikutulia. Jumamosi ya pili au ya tatu, katikati ya ukimya, nikasema kwa sauti, “Mwalimu, kama hakuna nafsi, goti linalouma ni la nani?” Mzee Harish akacheka mpaka akakohoa. Mwalimu hakufumbua macho. “Chunguza goti kwanza,” alisema. “Mwenyewe tutamtafuta baadaye.” Tangu siku hiyo nikawa na tabia hiyo. Nikisikia ndege anagonga bati niliuliza kama kusikia nako ni kuacha pumzi. Nikisikia harufu ya vitunguu niliuliza kama njaa ni tamaa au ni taarifa. Wengine walivuta pumzi ndefu za kero. Yeye alijibu kwa ufupi, wakati mwingine kwa furaha asiyoificha, kisha akaturudisha kwenye pua zetu.

Baada ya kengele ya mwisho tulihamia jikoni. Mama Eliya, mke wake, alikuwa mwanakwaya wa Kilutheri, na hakuwahi hata siku moja kuingia kwenye ile stoo. “Mimi nikimnyamazia Mungu wangu hivyo atadhani nimenuna,” alisema. Alipika loshoro, mahindi na ndizi zilizopondwa kwenye maziwa ya mgando, au makande siku za baridi, na Mwalimu ndiye aliyetupakulia. Kwa desturi ya kule alikojifunza, alisema, mwanafunzi humhudumia mwalimu: humwamkia, humsikiliza, humuuguza akiugua. Na mwalimu anadaiwa kufundisha kwa mkono ulio wazi, asibaki na siri hata moja aliyoificha kwenye ngumi. “Sasa mimi natoa chakula na maneno, nyinyi mnatoa sabuni.” Basi tukaosha vyombo. Mzee Harish, ambaye nyumbani kwake sidhani kama aliwahi kugusa kikombe kichafu, aliosha sufuria akiimba taratibu kwa Kigujarati. Hapo kwenye vyombo ndipo maswali yangu yalipopata nafasi, na siku moja nilimuuliza Mwalimu inakuwaje anatuambia tusiamini bila kuhoji, halafu anaitaja shaka kuwa kizuizi. Alifuta mikono yake taratibu. Alisema kuna shaka inayokwenda kutazama na kuna shaka inayokaa palepale inajizungusha, na kwamba kwa nje zinafanana kama mapacha. “Utazitofautishaje?” nikauliza. “Hiyo,” alisema, “ndiyo kazi yenyewe. Ningekuwa na jibu fupi ningekupa.” Aliniambia hekima ya kusikia ninayo tayari, nimesoma, hekima ya kufikiri ninayo kupita kiasi, bado ile ya tatu, ya kuona mwenyewe. Nilirudi Kaloleni nikiwa na hasira na furaha, sikujua ipi ni ipi.

Nilikuwa nasuuza sahani kwenye bomba la nje, chini ya dirisha la jikoni, nilipomsikia Mama Eliya akiongea na Glory. Hakuwa ananisema kwa ubaya. Ndiyo maana maneno yale yaliniingia. “Huyu binti akishaondoka, Baba Eliya halali,” alisema. “Anazunguka na maswali yake humu ndani mpaka Jumatatu. Nikimwambia kunywa dawa anasema ngoja, nafikiria jambo la Naserian. Na presha yake unaijua.” Glory akasema ataongea nami. Alizungumza nami garini, tukishuka kuelekea Tengeru, macho yake yakiwa barabarani. “Nase, mdogo wangu, sisi wengine tunakuja pale kupumzika. Wewe unakuja kama wakili.” Nikamuuliza kama Mwalimu amelalamika. “Mwalimu hawezi kulalamika. Ndiyo maana nasema mimi.” Sikubishana, jambo ambalo lilimshangaza. Nilikuwa nimeona, ghafla, sura yangu kwa macho ya watu wengine: binti anayemnyima mzee usingizi ili yeye mwenyewe ajione ana akili. Niliamua kunyamaza. Na kwa kuwa sikuwahi kufanya kitu nusunusu, nilinyamaza kabisa.

Jumamosi iliyofuata, kwenye vyombo, Mwalimu alisubiri. Nikaendelea kusugua sufuria. “Leo huna swali?” “Sina, Mwalimu.” “Umepona au unaumwa?” Mzee Harish akaingilia, akasema mwacheni, huyu sasa amekomaa. Mwalimu alinitazama kama mtu aliyemkuta ng'ombe wake hajagusa majani, asiyejua kama amwite daktari wa mifugo au asubiri jioni. Hakuuliza tena. Wiki zikaenda. Ajabu ni kwamba nilianza kuona yale aliyoyasema. Wazo lilikuja, nikaliita jina lake, likapita. Nilipotaka kuuliza nilisema moyoni, shaka, na ile hamu ikashuka kama maziwa yaliyoondolewa motoni. Nilifurahi. Nilidhani nimekuwa mwanafunzi.

Ilikuwa asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka kwenye mibuni. Alipogonga kengele sauti yake haikusikika vizuri, kana kwamba aliishika vibaya. Tukakaa. Muda fulani ukapita, mrefu, halafu nikasikia pumzi ya Mwalimu ikibadilika. Ilikuwa nzito, yenye unyevu, kama ya mtu anayekoroma lakini haikuwa na mpangilio wa kukoroma. Kisha ikatoka sauti iliyokuwa mwanzo wa neno. Si neno, mwanzo tu. Kope zangu zilitaka kufunguka. Nakumbuka hili vizuri kuliko ninavyokumbuka sura za watu niliowapenda: nguvu ya kope zile, na mimi nikizishikilia. Nilisema moyoni, shaka. Ile sauti ikarudi. Nikasema, shaka, shaka, na nikairudisha akili yangu kwenye pua, na ikakubali, ikatulia kama haijawahi kutulia. Mwanga kwenye kope ukabadilika rangi, nikajua ukungu umepanda na kwamba tumepita sana muda wetu wa kawaida. Nikafikiri, anatujaribu leo. Nikajiona ninaweza. Sijawahi kukaa vizuri kama nilivyokaa siku ile, wala kabla wala baadaye, na ni kwa sababu hiyo siwezi kukaa tena.

Mlango ukafunguliwa. Nilisikia kandambili za Mama Eliya kwenye saruji ile ambayo hakuwahi kuikanyaga. Chakula kilikuwa kimepoa, amengoja, amechoka kungoja. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Nyie, huyu mtu anaumwa,” na ndipo tukafumbua macho. Mwalimu alikuwa ameegemea ukuta, upande mmoja wa uso umelegea, kengele imelala mapajani imezungushiwa vidole. Alikuwa anatutazama. Macho yake yalikuwa wazi, na sina namna ya kujua yalikuwa wazi tangu lini, na alikuwa amewatazama kwa muda gani watu watatu aliowafundisha kutofumbua.

Hakufa. Mguu ulirudi kidogo, mkono haukurudi, na katika maneno yote aliyokuwa nayo likabaki moja: haya. Ukimwamkia, haya. Ukimuuliza ameamkaje, haya. Akitaka maji, haya, kwa sauti nyingine. Mama Eliya alijifunza sauti zote hizo ndani ya mwezi mmoja, na alikuwa akimjibu kwa sentensi nzima, akimtania, “Hapana, Baba Eliya, hilo siyo la kusema mbele ya wageni.” Mzee Harish alimletea kiti cha magurudumu. Glory alimpeleka kliniki. Na mimi, ambaye niliambiwa kwa maneno mepesi kabisa kwamba mwanafunzi humuuguza mwalimu wake, nilikwenda mara chache tu. Mara ya mwisho walimtoa kwenye jua, mbele ya stoo iliyofungwa, nikaketi karibu naye kwenye ndoo iliyogeuzwa. Alinitazama muda mrefu. Akasema, “Haya?” Lilikuwa swali. Mtu yeyote angesikia kwamba ni swali. Alisubiri, na nilijua anachokitaka, alitaka nimuulize kitu, chochote, la goti, la vitunguu. Nilimwambia Mwalimu, nitakuja Jumamosi. Jumamosi hiyo nilikuwa Dodoma kwenye usaili, na nilipopata kazi niliona nimefunguliwa kifungo, na kujiona hivyo ni jambo jingine ambalo sijui nilipeleke wapi.

Miaka kumi na zaidi alikaa kwenye kiti kile. Nilimtumia salamu kupitia Glory, naye Mwalimu alirudisha haya. Darasani kwangu simnyamazishi mwanafunzi yeyote, hata yule anayeuliza ili aonekane, na wenzangu wanasema sijui kulimudu darasa. Huenda ni kweli. Nimesoma mengi kuhusu yale aliyotufundisha, nimeona kwamba watu wenye akili kuliko mimi wamejadili karne nyingi namna ya kutambua shaka inayokwenda kutazama na ile inayojizungusha. Sijapata kipimo. Ninachojua ni kwamba siku ile nilikuwa na ya kwanza, nikaiita kwa jina la pili, na nilifanya hivyo kwa utii, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Usiku mwingine nalitafuta kosa kwa Glory, au kwa Mama Eliya na maneno yake ya dirishani, au kwa Mwalimu mwenyewe na sheria yake ya macho, na kila njia hunirudisha kwenye kope zangu.

Baada ya maziko, watu walipoanza kupungua, Glory alinivutia kiti cha plastiki karibu na chake. Amenenepa, nywele zimeingia mvi, bado anaongea akitazama mbele kama anaendesha. “Ulipotea,” alisema. Nikasema ndiyo. “Mama Eliya alikuwa anakuulizia. Nilimwambia una kazi nyingi.” Nikamshukuru. Jikoni wanawake walikuwa wanagombana kwa sauti ya chini kuhusu nani arudishe masufuria ya usharika. Tulimzungumzia Mzee Harish, aliyefariki kabla ya korona, na duka lake ambalo wanawe wameligeuza la simu. Kisha Glory akasema, bila kubadilisha sauti, “Mimi nilisikia, unajua. Siku ile.” Nikamuuliza alisikia nini. “Anavyokoroma. Halafu kama anataka kusema kitu.” Nikamuuliza kwa nini hakufumbua macho. Alifikiri kama mtu anayetafuta namna ya kulisema jibu bila kuniumiza, akashindwa kuipata. “Nilisema moyoni, kama kuna kitu, Nase atauliza. Ulipokaa kimya nikajua ni salama.” Akaniambia kwamba Mzee Harish, alipokuwa mgonjwa na yeye amekwenda kumwona, alimwambia habari ileile: naye alikuwa amesikia, mapema kabisa, na muda wote ule alikuwa ameketi pale, macho yamefumbwa, akinisubiri mimi.